Joto la tamoksifeni si sumu

Huku Mbeya imani hii ni ya siku nyingi: mama aliyetibiwa saratani ya matiti akianza kulowa jasho usiku, huambiwa tamoksifeni, dawa anayomeza ili saratani isirudi, imemjaa mwilini kama sumu, aipumzishe kwanza. Sivyo. Tamoksifeni huziba milango ambayo homoni ya estrojeni hupitia kuchochea seli za saratani. Ubongo nao hukosa homoni hiyo, uwezo wake wa kudhibiti joto huyumba, ndipo mtu anatupa blanketi usiku wa Julai, wakati Uyole nzima imejikunyata kwa baridi. Inachosha mno, na kumwambia avumilie tu si haki.

Nguo za pamba, mbili tatu nyepesi badala ya sweta zito, husaidia. Kwa anayetumia anastrozoli, dawa nyingine ya kuzuia saratani hiyo isirudi, viungo vikikaza asubuhi, kutembea kila siku hulegeza. Dawa hizi humezwa miaka 5, wengine hadi 10. Kuziacha mapema huongeza hatari ya saratani kurudi. Akielemewa amweleze daktari, zipo dawa za kupunguza joto hilo, au atabadilishiwa. Ila damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, asisubiri tarehe ya kliniki.