Ushauri nasaha si wa "waliochanganyikiwa" tu

Wengi tumekua tukisikia kwamba anayekwenda kwa mshauri nasaha ana ugonjwa wa akili, au ndoa imemshinda. Dhana hii haikuzuka hivi hivi: wengi waliisikia huduma hii kwanza kwenye vituo vya kupima VVU au wodi za wagonjwa wa akili.

Lakini kwa mshauri huenda pia aliyefiwa, mama aliyejifungua karibuni, mstaafu asiyejua ashindeje kutwa nzima, hata kijana anayetaka tu kuelewa kwa nini kila kazi anaiacha njiani. Kikao mara nyingi huchukua dakika 45 hadi 60. Mnakaa, mnazungumza, na mshauri huuliza zaidi kuliko kuagiza (wanaotarajia mawaidha huishia kushangaa). Dawa, zikihitajika, kwa kawaida huandikwa na daktari.

Ukitaka kuhakikisha kwamba mshauri ana taaluma kweli, muulize kabla hujalipa: amesomea nini, amesajiliwa wapi, na ni wakati gani analazimika kutoa siri yako. Mwenye taaluma yake hatababaika na hilo la mwisho. Mfano wa kawaida ni pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Anayekuahidi kupona kwa vikao viwili, tafuta mwingine.