Kipindupindu hakitoboi utumbo, kinafungulia bomba

Watu wengi hawaniamini nikiwaambia kwamba mgonjwa wa kipindupindu utumbo wake uko mzima. Ukikata kipande ukakiweka chini ya darubini, seli zimejipanga vizuri tu, vidonda hakuna, na bakteria mwenyewe hajaingia ndani, kajibandika juu ya ukuta. Ila mtu huyohuyo anaweza kupoteza maji mpaka lita moja kwa saa, choo kimekuwa kama maji ya mchele. Kazi yote hiyo ni ya sumu.

Sumu yenyewe ina vipande sita, vitano vimekaa duara na cha sita kimepanda katikati. Vile vitano kazi yao kushika tu, vinang'ang'ania molekuli inaitwa GM1 iliyoko juu ya seli, afu seli inaimeza ile sumu yote bila kujua imebeba nini, na huko ndani kile cha sita kinachomoka kinaenda kuibana protini moja ambayo siku zote ni swichi ya kuwasha na kuzima. Ikishabanwa haizimi tena. Saikliki AMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, inapanda, seli inamwaga kloraidi, sodiamu na maji vinafuata.

Robert Koch, daktari Mjerumani, alishahisi mambo ya sumu tangu 1884, lakini ushahidi ulikuja 1959, pale S. N. De, mtafiti wa Calcutta huko India, alipofunga utumbo wa sungura kwa uzi akapata kama kijimfuko, akadunga maji aliyooteshea vimelea ila kashayachuja, bakteria hata mmoja hayumo, na utumbo ukajaa maji vilevile. Nobel hakupewa, na mi mpaka leo naona alidhulumiwa.

Uzuri ni kwamba sumu hii haigusi mlango mwingine wa seli, ule unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja. Ndo maana ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayonyweshwa mgonjwa, inafanya kazi, na ndo maana lazima iwe na sukari, sio ya kuleta ladha.

Sasa usidhani sumu zote za bakteria ziko hivyo. Sumu ya Shiga, ambayo bakteria mwingine wa utumbo, E. coli O157:H7, anayo, haichezei swichi, inaharibu ribosomu, yaani mashine za kutengenezea protini, seli inashindwa kutengeneza protini inakufa, na ikiingia kwenye damu inakimbilia mishipa midogo ya figo. Kibaya zaidi, baadhi ya antibayotiki zinamchokoza huyu bakteria atoe sumu nyingi zaidi, kwa hiyo mgonjwa akija na choo chenye damu, ambacho bakteria huyu anaweza kukileta, mi napenda sampuli ifike maabara kabla ya kidonge cha kwanza.