Wiki jana bahari ilikuwa nyingine

Mimi natembeza wageni kwa gari hapa Unguja. Ujumbe uliingia jana usiku, na unafanana na mingine mingi niliyoipokea mwaka huu: "Kaka habari. Tuko watano, tunataka safari ya peke yetu, msitu wa Jozani halafu ule ufukwe wa mawe wa Mtende. Tutoke saa tatu, tukishakunywa chai, kama walivyotoka wenzetu wiki jana. Wao walipata maji mazuri sana."

Wiki jana! Hapo ndipo ninapochoka. Kama wenzako walitoka mjini saa tatu wiki jana wakakuta maji mazuri, basi wewe ukitoka saa tatu wiki hii utayakuta kinyume chake. Maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Zidisha mara saba, unapata karibu saa sita. Saa sita ndiyo safari nzima ya maji kutoka kupwa hadi kujaa. Kwa hiyo saa ambayo wiki jana mchanga ulikuwa wazi, wiki hii bahari iko juu yake. Ukitaka kumwiga aliyetangulia, mwige aliyekwenda wiki mbili zilizopita.

Hili mvuvi yeyote wa Makunduchi analijua bila kutazama karatasi. Mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanalijua. Wamekuwa wakipanga siku zao kwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, tangu kilimo cha mwani kilipoanza huku mwaka 1989. Lakini mgeni, awe wa Dar, wa Nairobi au wa Ulaya, anadhani kulipia gari la peke yake ni kununua saa. Umenunua gari, umeninunua mimi kwa siku nzima. Bahari hukuinunua.

Nieleze kwa kirefu maana sehemu hii watu huiruka. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Hilo kila mtu analijua. Wasichokijua ni kwamba kupwa kwa leo si kupwa kwa Jumanne ijayo, si kwa saa wala kwa kimo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua: kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa Unguja kuna kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, tofauti inashuka hadi kama mita 1, wakati mwingine zaidi kidogo. Na bamvua yenyewe haipigi siku ile ile ya mwezi mpevu. Hukawia siku moja au mbili. Mgeni aliyesoma kwamba mwezi mpevu ndio wenye maji makubwa akaja usiku huo huo, amewahi.

Sasa saa zenyewe. Kwetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa kuanzia saa nne hadi saa tano hivi za asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni, au saa kumi na moja. Siku za maji mafu hugeuka: asubuhi hiyo maji yamejaa, jioni yamekupwa. Ukilishika hili tu na ukaijua tarehe ya mwezi mwandamo, unaweza kupanga siku yako ya Mtende bila mimi. Tarehe mosi mpaka nne, na kumi na tano mpaka kumi na nane: ufukweni asubuhi mapema, msituni mchana. Tarehe nane mpaka kumi, na ishirini na mbili mpaka ishirini na nne: msituni asubuhi, ufukweni alasiri. Siku za katikati, nipigie simu.

Kwa nini Mtende hasa? Kwa sababu si Paje. Paje maji yakipwa unapata uwanda mweupe wa kutembea mpaka karibu na mwamba, yakijaa unaogelea, na katika hali zote mbili mchanga wa kukaa upo. Mtende ni ghuba ndogo kusini mwa kisiwa, imezungukwa na majabali ya matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari wakati bahari iko juu kuliko leo. Mawimbi yameyala majabali kwa chini mpaka yameinama kama paa la kibanda, na mengine yamebaki peke yake katikati ya mchanga, yamevaa vichaka kichwani. Ni mahali pazuri kuliko popote ninapopeleka watu. Lakini mchanga ule ni wa kuazima. Maji ya bamvua yakijaa, sehemu kubwa yake haipo tena. Yanagonga jiwe, na jiwe lenyewe lina ncha zinazokata kiatu chepesi.

Wengi hujiambia: "Tutayaona yakija, tutaondoka." Maji hayaji kwa mwendo mmoja. Gawa mita 4 kwa saa sita. Saa ya kwanza huongezeka kama sentimita 30 tu, nawe unasema mbona yanajivuta. Saa ya pili kama sentimita 65. Saa ya tatu na ya nne ni mita nzima kila moja. Katika saa mbili hizo za katikati hupanda nusu ya maji yote. Aliyeyazoea maji kwa saa ya kwanza ndiye anayekutwa nyuma ya jabali saa ya tatu.

Mimi mwenyewe nimeshawaponza watu huko, na sijalisahau. Ulikuwa msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Familia ilitaka saa tatu, nikakubali kwa sababu ya bibi yao aliyesema hawezi kuamka mapema. Jozani tukamaliza kwa starehe, tukala njiani, tukafika Mtende saa nane. Mchanga ulikuwa umebaki upana wa mikeka miwili. Nilipaswa kusema hapana. Badala yake nikasema dakika kumi, picha mbili, turudi. Nilipiga hesabu ya maji nikausahau upepo. Kusi ikivuma, wimbi hupanda juu ya kile jedwali la saa za maji linachosema. Wimbi moja likapita miguuni mwetu mpaka kwenye jiwe, likachukua viatu na mkoba wa bibi, na mtoto wa miaka sita akachunika mguu kuanzia goti hadi kifundo. Bibi yule hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniumiza zaidi. Tangu siku hiyo sikubali saa ya mgeni wakati wa bamvua, hata akisema atatafuta dereva mwingine. Atafute.

Na hapa niseme jambo ambalo vijitabu havilisemi: jedwali la maji hutengenezwa kwa bandari ya mjini. Mtende iko upande mwingine wa kisiwa. Nimeona maji yakitangulia jedwali, nimeona yakikawia, na siku za kusi nimeona yakikataa kushuka mpaka pale nilipoyatarajia. Naongeza nusu saa ya tahadhari kila upande, na hata hivyo namwuliza kijana wa pwani kabla sijamshusha mtu. Neno lake nalipa uzito kuliko jedwali la kwenye simu yangu.

Sasa msitu. Watu huandika "msitu wa mvua" halafu wanauliza kama Januari kuna maana kwenda, maana hakuna mvua. Jozani hainywi kutoka juu peke yake. Umekaa bondeni, kwenye ardhi ya chini iliyozungukwa na uwanda wa mawe, na maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Mitondoo na miwale ile mizizi yake iko majini mwaka mzima. Januari jua likiwa kali mpaka uwanda wa Kitogani umekauka, ndani ya Jozani bado kuna kijani na ubaridi. Masika maji hupanda juu yenyewe na baadhi ya njia huwa za kupita kwa viatu vya mpira. Mimi naupenda zaidi wakati huo kuliko wakati wowote, lakini sijafanikiwa kumshawishi mgeni yeyote aje Aprili kwa ajili hiyo.

Getini unapewa mwongozaji wa hifadhi. Mwache akuongoze, mimi nakaa nyuma. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ndiyo ya kwanza Zanzibar, kama kilomita za mraba 50, na vijana wale wanaujua kila mti.

Kima punju. Asili yao ni Unguja tu. Wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Wazee waliwaita punju, yaani wenye sumu, na wakulima waliwaona ni nuksi shambani. Hesabu kubwa iliyofanywa miaka ya karibuni ilipata zaidi ya 5,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Tafadhali, usije na ndizi. Tumbo lao lina vyumba vinne, limeumbwa kuchachusha majani machanga na matunda mabichi. Sukari ya tunda bivu huwadhuru. Hawa si wale kima wa kawaida watakaokunyang'anya mfuko. Ukifika saa sita mchana ukawakuta wamelala wamening'iniza miguu, usimwambie mwongozaji awaamshe. Wanasaga majani. Ndiyo kazi yao ya mchana. Watatembea na kula tena jua likipoa.

Wanakula makaa pia, makaa ya mti, wanayaokota kwenye tanuri zilizozimika na hata nyuma ya majiko ya watu. Maelezo ya watafiti ni kwamba makaa hunyonya kemikali kali zilizomo kwenye majani ya mkungu na mwembe. Naamini. Lakini nikiwatazama wale wa karibu na barabara, wasioogopa tena mtu, moyo wangu hugawanyika. Kuzoea watu ndiko kulikowapa thamani machoni pa serikali na vijiji. Kuzoea watu huko huko ndiko kunakowaweka kando ya lami ambako magari yamewaua wengi kabla na baada ya matuta kuwekwa. Mimi ni mmoja wa wanaopita na gari barabara ile kila wiki. Napunguza mwendo, naweka mita tano kati ya mgeni na kima, na bado sijaridhika.

Halafu mikoko, na hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu hapa safari yote inakutana. Watu hudhani saa ya maji ni ya ufukweni tu. Ile njia ya mbao ya mikoko ya Pete, upande wa pili wa barabara kutoka msituni, nayo inafuata saa ya maji. Ukipita maji yamekupwa, utaona matope, mizizi na kaa. Watu hutazama dakika tano wakaniambia pananuka. Ukipita maji yameingia, chini ya mbao kuna samaki wadogo, mizizi ya mkoko imezama nusu na kivuli chake kinacheza, na mchu na mkandaa, nayo ni mikoko ya aina nyingine, imesimama kimya ndani ya maji ya rangi ya chai. Njia ni ile ile na kiingilio ni kile kile.

Rudi sasa kwenye zile saa. Bamvua: tunatoka mjini saa kumi na mbili na nusu, tunafika Mtende saa mbili, maji yanashuka mbele yetu, majabali yanajitokeza moja moja, watoto wanatafuta kaa kwenye vidimbwi. Saa nne na nusu maji yamefika mwisho wake. Saa tano tunaondoka kabla hayajageuka kwa nguvu, tunakula Kizimkazi, na anayependa ataona kibla cha msikiti wa Dimbani chenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Saa nane tuko Jozani, jua linaanza kupoa, kima wanaamka. Saa tisa na nusu tuko kwenye mbao za Pete, maji yanaingia. Siku yote tumekwenda pamoja na bahari. Siku za maji mafu tunaigeuza tu: mikoko imejaa asubuhi, msitu, kisha Mtende kuanzia saa nane, maji yakiondoka taratibu mpaka jioni.

Hiyo ndiyo faida ya safari ya peke yako. Basi la watu ishirini haliwezi kugeuzwa. Lina ratiba, lina hoteli sita za kupitia. Gari lako linaweza. Ukiishikilia saa tatu, umelipa bei ya gari zima ukapata safari ya basi. Na usiniongezee Nungwi mwishoni. Nungwi iko ncha nyingine ya kisiwa.

Huyu wa jana nimemjibu hivi: "Dada yangu, siku uliyochagua ni bamvua. Tutoke saa kumi na mbili na nusu, chapati na chai ya chupa tutabeba, mtafungua kinywa mchangani." Akasema watoto wanalala mpaka saa mbili na mumewe hatakubali. Nimemwandikia tena asubuhi hii. Asipoweza kuamka, asogeze siku. Wiki ijayo ni maji mafu, na nitakuwa mlangoni kwake saa tatu kamili, kama anavyotaka.