Jasho si mafuta: tunayodanganyana Mtwara kuhusu kupunguza mwili

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na malipo yakaingia, Mtwara pesa inaonekana na watu wanaacha kutembea. Bodaboda inaitwa kwa safari ya kutoka nyumba hii hadi duka lile, chipsi mayai zinachukua nafasi ya muhogo wa kuchemsha, na soda hazikosekani mezani. Ikifika Februari suruali hazifungi. Hapo ushauri unaanza kumiminika vijiweni, saluni na kwenye makundi ya WhatsApp, na mwingi una kasoro ileile: unapima kazi kwa mateso. Ukitoka jasho jingi, ukashinda na njaa, ukaamka huwezi kushuka ngazi, basi wanasema umefanya kweli.

"Vaa sweta ukimbie, mafuta yayeyuke"

Nenda ufukwe wa Shangani alfajiri, hutakosa kumwona kijana anakimbia na koti la mvua, tumbo kalizungushia nailoni. Akirudi anapanda mzani, anakuta kilo moja imepungua, anaupiga picha mzani na kurusha kwenye "status". Kilichopungua ni maji. Lita moja ya jasho ni takriban kilo moja, na akishamaliza madafu yake kilo hiyo imesharudi.

Mafuta ya mwilini hayayeyushwi na joto. Mwili huyavunja pale unapotumia nguvu nyingi kuliko zilizoingia kwa chakula, na sehemu kubwa ya mabaki yake hutoka kwa pumzi kama hewa ukaa. Jasho kazi yake ni kuupoza mwili, na linaupoza kwa kukauka juu ya ngozi. Kwa joto letu la Desemba hadi Machi, na unyevu huu wa pwani, hata bila nailoni jasho linakauka kwa shida. Ukilifungia ndani, joto la mwili linapanda, kinafuata kizunguzungu na kichefuchefu, na wapo wanaoanguka. Vaa nguo nyepesi, toka baada ya swala ya alfajiri au jua likishashuka, na maji ubebe.

"Piga mazoezi ya tumbo, kitambi kitakatika"

Kulala chali na kuinuka mara mia kunaimarisha misuli ya tumbo, ila misuli hiyo iko chini ya mafuta. Mwili hauchukui mafuta kutoka pale unapopafanyisha kazi. Unachota kila mahali kwa mpangilio wake, na tumbo mara nyingi halitangulii. Badala ya kupanda mzani kila asubuhi, azima futi ya fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kubana tumbo. Mwanaume akivuka sentimita 94 na mwanamke 80, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo huwa imeanza kupanda. Pima tena baada ya mwezi.

"Chakula chetu ndicho kinachotunenepesha"

Hili linaniudhi kuliko yote, maana mtu anaacha muhogo, korosho na mbaazi za nyumbani, anakwenda kununua mikate na "bidhaa za dayati" zilizotoka mbali.

Tuanze na korosho. Ni kweli zina nguvu nyingi: gramu 100 zina takriban kalori 550, na mafuta yake ni karibu gramu 44. Lakini mengi ya mafuta hayo ni ya aina isiyo na madhara kwa moyo, na zina protini pia, karibu gramu 18. Kiganja kimoja, kama gramu 30, ni kalori 165 hivi, na hakimharibii mtu chochote. Tatizo ni bakuli linalowekwa katikati ya mazungumzo, mkono unaingia na kutoka mpaka vidole vinagusa chini. Chukua kiganja chako, bakuli lirudi kabatini.

Nazi ni suala la tui. Tui la kwanza ni zito na mafuta yake mengi ni yale ambayo watu wa moyo wanashauriwa kuyapunguza. Kisamvu kikichemka kwa tui la pili, la kwanza likamaliziwa kidogo tu, utamu unabaki. Samaki wa nazi si adui. Pweza naye ana protini nyingi na mafuta kiduchu. Hayo mengine anayosifiwa siyaingilii.

Kwenye muhogo, makopa na ming'oko (mizizi ya porini) ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu ni vyakula vya wanga vyenye protini ndogo sana. Sahani yetu ya kawaida ni ugali mlima mzima, kipande cha samaki pembeni, na mboga ya kulowekea. Igeuze: nusu ya sahani iwe mboga, iwe matembele, mchicha au majani ya kunde, robo iwe samaki, dagaa, mbaazi au choroko, robo inayobaki ndiyo ugali. Mbaazi hasa watu wa Lindi hawana kisingizio, wanalima wenyewe. Kikwazo kikubwa kitakuwa shangazi. Utamwambia, "Nimeshiba, shangazi," naye atakuuliza, "Nani kakuudhi, mwanangu?" Mwombe akuongezee mboga, hatakasirika.

"Uraka ni juisi ya mabibo tu"

Bibo lenyewe, tunda la mkorosho, ni zuri, vitamini C yake inalizidi chungwa mara kadhaa. Likishachachuka likawa uraka, ni pombe, na kila gramu ya pombe ina kalori 7, karibu mara mbili ya sukari. Bado hujahesabu nyama choma iliyokuja nayo.

"Shinda na njaa, kunywa ndimu na maji moto"

Ndimu haikati mafuta. Kushinda na njaa kunapunguza kilo za haraka, halafu usiku mtu anafidia. Ushahidi ni Ramadhani: wapo wanaofunga mwezi mzima na kuipokea Idi wakiwa wamenenepa, kwa kaimati, tambi za sukari na magimbi ya nazi vilivyoliwa kwa mkupuo mmoja.

"Vyuma vinamgeuza mwanamke kuwa mwanaume"

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mama zetu wameibeba kichwani miaka yote. Hakuna aliyeota ndevu.

"Nilikuwa mchezaji, mwili unakumbuka"

Unakumbuka kweli, ila nusu nusu. Misuli iliyowahi kujengwa hurudi upesi kuliko ya anayeanza upya. Pumzi ndiyo inayokimbia, huanza kushuka baada ya wiki kama mbili tu za kukaa, na mishipa migumu inayoshika misuli kwenye mfupa huchukua muda mrefu zaidi kuzoea tena. Ndiyo maana baba wa miaka 45 anaingia bonanza la Jumapili, anakimbia kama enzi zake za uwanja wa Nangwanda Sijaona, na dakika ya kumi anashika nyuma ya kisigino. Wiki za kwanza tembea haraka dakika 30, siku 5; hizo ni 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wiki. Ongeza siku 2 za kuchuchumaa na kusukuma ukuta au sakafu. Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Yakikosekana haina maana hukufanya kitu.

Na anayesema umri umepita: mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee wa miaka 90 hivi waliofanyishwa mazoezi ya miguu kwa uzito, wiki 8. Nguvu za miguu, kwa wastani, ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Mwenye presha, au anayebanwa kifua akitembea, aonane na daktari kwanza. Anayetumia dawa za kushusha sukari amweleze kwamba anabadili chakula, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno kwa sahani mpya.