Upana wa mkanda wa saa hautokani na ukubwa wa uso wake

Wengi huamini kwamba mkanda mpya wa saa ya mkononi huchaguliwa kwa kutazama ukubwa wa uso wa saa. Dhana hiyo inaeleweka, lakini kipimo kinachoamua ni nafasi iliyo kati ya pembe mbili za kasha zinazoushika mkanda, ambayo mara nyingi huwa milimita 18, 20 au 22. Kwa hiyo saa mbili zenye kipenyo cha milimita 40 zaweza kuhitaji mikanda tofauti. Ipime nafasi hiyo kwa rula, kutoka ukuta wa ndani hadi wa pili. Mkanda wa zamani usiutegemee peke yake, kwani kijiti cha springi (kile kinachoushikilia mkanda kati ya pembe hizo) kikionekana pembeni mwake, huenda ulikuwa mwembamba tangu ulipofungwa.