Moto mkali haufungi maji ya nyama

Hapa Lubumbashi, penye mbabula (jiko la mkaa) ya michopo (nyama ya kuchoma) hukosi kusikia: anza na moto mkali, nyama ijifunge, maji yake yasitoke. Imani hii ilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig katika miaka ya 1840, na si kweli. Sikiliza makala (mkaa) yenyewe: ile “chwaa” ni maji ya nyama yanayodondoka na kugeuka mvuke, na haikomi hata nyama ikishapata rangi ya kahawia. Ganda lile halizuii kitu. Lina utamu, na kwa utamu huo moto mkali naupenda sana.

Kinachokausha nyama ni joto la ndani likizidi. Ndiyo maana, kabla ya kununua jiko la kufukizia la bei kubwa, nunua kipimajoto chenye ncha. Kichome katikati ya paja la kuku, kisiguse mfupa. Kikifika 74°C, epua.

Ukitaka kukihakiki, kitie kwenye maji yanayochemka. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kitaonyesha karibu 96°C, si 100. Usikirudishe dukani, hakijaharibika.