Je, wajua kwamba kila kromosomu ina eneo lake ndani ya kiini cha seli?

Mchoro wa seli tunaoufahamu wengi wetu una utando wa nje, saitoplazimu, na kiini chenye vijiti vya umbo la herufi X. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kromosomu huwa hivyo siku zote. Sivyo. Umbo hilo huonekana kwa muda mfupi tu, seli inapogawanyika, na X yenyewe ni nakala mbili za kromosomu moja ambazo bado hazijaachana. Muda uliobaki kromosomu huwa zimefumuka, wala hadubini ya kawaida haioni kijiti hata kimoja.

Nilipolijua hilo nikaangukia kosa la pili, nikadhani kiini ni fundo la nyuzi zilizotatizana ovyo. Dhana hiyo haikukosa sababu: seli ya binadamu ina takribani mita 2 za DNA, uzi wa taarifa za urithi unaounda kromosomu, ndani ya kiini chenye upana wa maikromita 10 hivi, na kiini hicho kikikuzwa kiwe mpira wa sentimita 10, uzi wake utafika kilomita 20, tena mwembamba kuliko unywele. Ni kweli kwamba DNA huzungushiwa protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye rili, lakini hilo pekee halizuii nyuzi 46, yaani kromosomu zote za seli hiyo, kusokotana.

Tuchukue donge la nyuzi za rangi nyingi, tulichome mahali pamoja kwa sindano ya moto. Nyuzi zikiwa zimechanganyika, nyingi zitaungua kidogo kidogo. Kila uzi ukiwa umekunjwa peke yake, zitaungua nyuzi moja au mbili tu, lakini vibaya. Ndugu wawili wa Ujerumani, Thomas na Christoph Cremer, walifanya karibu hivyo hivyo kuanzia miaka ya 1970: walipiga sehemu ndogo ya kiini kwa mwali wa leza, wakasubiri seli igawanyike, kisha wakahesabu kromosomu zilizojeruhiwa. Zilikuwa chache, kumaanisha kwamba kila kromosomu hukaa katika eneo lake.

Maeneo hayo hayana kuta, na kingo zake huingiliana. Katika chembe nyeupe za damu ya binadamu, kromosomu ya 19, yenye jeni nyingi, hukaa ndani zaidi, na ya 18, yenye jeni chache, hukaa pembeni. Mpangilio huo haufuatwi na kila aina ya seli. Katika seli za jicho la panya zinazopokea mwanga hafifu, DNA iliyoshonana, ambayo kwa kawaida huegemea ukingoni, imerundikana katikati, na kiini kizima hukusanya mwanga kama lenzi.